Namna ya Kurudi Dodgertown: Mwongozo Kamili wa Kuitembelea Kambi ya Zamani ya Dodgers, Vero Beach

Kwa miaka sitini, kuanzia 1948 hadi 2008, klabu ya besiboli ya Dodgers ilifanya mazoezi yake ya kabla ya msimu katika Vero Beach, mji mdogo ulio pwani ya mashariki ya jimbo la Florida, Marekani. Klabu ilipofika hapo ilikuwa ya Brooklyn, New York. Mwaka 1958 ikahamia Los Angeles, upande wa pili wa nchi, na bado kila Februari ilivuka bara zima kurudi kwenye kambi yake ileile iliyokuja kuitwa Dodgertown. Tarehe 17 Machi 2008 ilicheza hapo mechi yake ya mwisho ya mazoezi, dhidi ya Houston Astros, na mwaka uliofuata ikahamia uwanja mpya wa Camelback Ranch huko Glendale, Arizona, ambako washabiki wake wa California hufika kwa urahisi zaidi.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuitembelea kambi hiyo leo, iwe aliwahi kukaa kwenye viti vyake zamani au hajawahi kuiona kabisa. Nimeuandika kwa sababu mara ya kwanza niliporudi, baada ya klabu kuondoka, nilikwenda vibaya: niliegesha gari, nikaingia uwanjani moja kwa moja, nikapiga picha za viti, na baada ya dakika arobaini nikawa barabarani naelekea nyumbani. Niliona uwanja mzuri usio na watu, basi. Nilichokosa ni kwamba uwanja ule ni sehemu tu ya kambi, na kambi nzima ilipangwa kwa namna ile kwa sababu maalumu: ilikuwa mahali ambapo wachezaji weusi na weupe waliweza kulala, kula na kufanya kazi pamoja katika jimbo ambalo sheria na desturi zake ziliwakataza. Mpangilio huo bado unasomeka ardhini, ila ni lazima uufuate kwa utaratibu.

Kwanza, jua unakwenda kuona nini

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, inafaa kueleza kwamba klabu 30 za ligi kuu ya besiboli huanza kujiandaa katikati ya Februari, wakati miji mingi ya kaskazini bado ina theluji. Klabu 15 hupiga kambi Florida na 15 Arizona. Zile za Florida huunda kile kinachoitwa Ligi ya Mabalungi, na eneo la Vero Beach lenyewe lina sifa kubwa ya mabalungi na machungwa. Mechi zake hazihesabiki katika msimamo wa ligi. Ndiyo maana viwanja hivyo ni vidogo, vya karibu, na mtazamaji humsikia mchezaji akiongea.

Historia ya kambi hii huanzia kwenye tatizo. Mwaka 1946 Jackie Robinson, aliyekuwa amesajiliwa na Dodgers ili kuvunja mwiko wa kutowachezesha weusi, alikuja Florida na timu ya akiba ya Montreal Royals. Mjini Sanford alilazimika kuondoka kwa vitisho, na Jacksonville lango la uwanja lilifungwa mechi isichezwe. Mwaka 1947 klabu ilikimbilia Havana, Cuba, kufanya mazoezi huko, na tarehe 15 Aprili mwaka huo Robinson akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Branch Rickey, aliyeiongoza klabu, alihitaji sasa mahali pa kudumu ambapo wachezaji wake wote wangekaa bila kuomba chumba kwa hoteli yoyote. Mfanyabiashara wa Vero Beach, Bud Holman, akamwonyesha kituo cha ndege cha jeshi la wanamaji kilichokuwa kimeachwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na mabweni yake ya mbao, jiko na ukumbi wa chakula. Rickey hakuhitaji zaidi ya hapo. Ndani ya uzio huo sheria za mji hazikuamua nani alale wapi.

Ukishalishika hilo, utaelewa kwa nini ninakuomba usianzie uwanjani.

Chagua wakati na uhakikishe utaruhusiwa kuingia

Mahali hapa pana wenyewe na pana kazi zake. Ardhi ni mali ya Kaunti ya Indian River, na tangu 2019 kambi inaendeshwa na Ligi Kuu ya Besiboli chini ya jina la Jackie Robinson Training Complex. Vijana huletwa hapo kufunzwa, mashindano huchezwa, na timu za michezo mingine pia hupangishwa. Kwa hiyo kuna siku ambazo mgeni hutembea kwa uhuru na siku ambazo sehemu kubwa imefungwa. Piga simu au andika barua pepe wiki mbili kabla, utaje tarehe, idadi ya watu mlio nao na kwamba mnataka kuyaona maeneo ya kihistoria. Uliza maswali mawili bayana: je, uwanja wa Holman, yaani uwanja mkuu wa kambi, utakuwa wazi siku hiyo, na je, kuna mechi ambayo watazamaji wanaruhusiwa? Siku ya mechi ndiyo bora kuliko zote, hata kama wanaocheza ni vijana wa sekondari, kwa sababu utakaa kwenye viti kama mtazamaji, na uwanja wenye sauti ya mpira hujieleza wenyewe.

Kuhusu majira, Februari na Machi hali ya hewa ni tulivu na ndiyo miezi ya kambi yenyewe. Tarehe 15 Aprili, siku ya Robinson, ina uzito wake, na kwa miaka kadhaa timu za ligi ndogo, yaani za wachezaji wanaojiandaa kupanda ligi kuu, zilicheza hapo mechi ya kumkumbuka. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Novemba ni msimu wa vimbunga, na mchana wa miezi ya joto huleta radi karibu kila siku. Ukilazimika kwenda miezi hiyo, fika saa mbili asubuhi na uwe umemaliza kabla ya saa saba. Viti vingi vya uwanja havina paa, na jua la Florida ni kama la Tanga mwezi wa Januari. Kofia, maji na mafuta ya kujikinga na jua ni mahitaji, wala si mapambo.

Kwa gari, Vero Beach iko takriban kilomita 160 kutoka Orlando na takriban 220 kutoka Miami, na barabara kuu ya I-95 hupita magharibi ya mji. Utatokea kwenye Barabara ya 60 na kuelekea mashariki. Kambi inapakana na uwanja wa ndege wa mji, jambo la kutarajiwa kwa kituo cha zamani cha wanamaji. Usafiri wa umma ni haba, kwa hiyo asiye na gari ajipange mapema na mwenzake.

Andaa picha za zamani kabla ya kuondoka nyumbani

Hatua hii wengi huiruka, nami ndiyo ninayoisisitiza kuliko nyingine zote. Kambi imebadilika mara nyingi: mabweni ya mbao hayapo, viwanja vya mazoezi vimepangwa upya, jengo la ndani la mazoezi limeongezwa. Bila picha utaona nyasi na majengo ya kawaida. Ukiwa na picha utaona tabaka.

Tafuta aina tatu. Ya kwanza ni picha za angani za miaka ya 1940 na 1950. Chuo Kikuu cha Florida kina mkusanyiko mkubwa wa picha za angani za jimbo zima ambao unafunguka bure kwenye intaneti, na humo mistari ya njia za ndege za kivita inaonekana wazi. Ya pili ni picha za wachezaji kambini, ambazo hifadhi ya nyaraka ya jimbo, Florida Memory, inazo. Ya tatu ni zako mwenyewe au za familia, kama zipo. Vipande vya tiketi na karatasi za matokeo navyo ni vizuri, kwa kuwa huonyesha mahali ulipokaa. Chapisha picha sita au saba kwenye karatasi, usizitegemee kwenye simu tu. Juani kioo cha simu hakionekani, na karatasi unaweza kuinua na kuilinganisha na upeo wa macho. Nyuma ya kila picha andika mwaka na mahali unapodhani mpiga picha alisimama.

Kama una nusu siku ya ziada, pitia kwanza Maktaba Kuu ya kaunti mjini Vero Beach, ambayo ina kitengo cha kumbukumbu na nasaba. Wahudumu wa vitengo vya namna hii huijua ardhi yao kuliko ramani yoyote, na swali moja kwao huokoa saa nzima ya kuzungukazunguka.

Anzia pale walipoamka

Ukishaingia, uache uwanja mkubwa ukungoje. Tembea kwanza hadi kwenye nyumba ndogo za wageni. Zilijengwa mwaka 1972, vyumba 90, kuchukua nafasi ya mabweni ya wanamaji yaliyokuwa yakivuja na kupenyeza baridi. Simama kati ya nyumba hizo ukiwa na picha ya mabweni mkononi. Katika kambi hii, miaka ya 1948 na 1949, Robinson na wachezaji weusi wenzake Roy Campanella na Don Newcombe walilala na kuamka pamoja na wenzao weupe, wakapanga foleni moja ya chakula na mamia ya wachezaji chipukizi ambao Rickey alikuwa amewakusanya kutoka timu zake zote za ligi ndogo. Jambo hilo leo linasikika dogo. Wakati ule, kilomita chache kutoka hapo, mchezaji yuleyule hakuweza kuketi mgahawani.

Kisha fuata barabara za ndani. Zina majina ya watu wa klabu: Robinson, Campanella, Sandy Koufax, Don Drysdale, Duke Snider, na mtangazaji Vin Scully. Inua macho uzione taa za barabarani, kwa sababu vioo vyake vya mviringo vimepakwa rangi kama mpira wa besiboli, vyeupe na mishono myekundu. Watoto hupenda kuzihesabu. Mimi huzipenda kwa sababu nyingine: zinaonyesha kwamba mwenye kambi alitaka hata anayetembea usiku kwenda kulala ajue yuko kwenye mji wa mchezo wake.

Uliza zilipokuwa kamba. Rickey alikuwa mtu wa mbinu, na mojawapo ya mbinu zake ilikuwa kusimamisha nguzo mbili na kufunga kamba kati yake, ikatokea fremu tupu hewani: kamba ya chini usawa wa magoti, ya juu usawa wa kifua, na zile za wima zikiacha upana wa kibao cha nyumbani, kile cha chini ambacho mpigaji husimama kando yake, yaani takriban sentimita 43. Mrushaji alisimama umbali wake wa kawaida na kurusha mpira upite katikati ya fremu. Hapakuwa na mpigaji wala hesabu, na kosa lilionekana mara moja kwa sababu kamba ilicheza. Ukiwa na mtoto, jaribuni hivyohivyo nyumbani kwa vijiti viwili na uzi wa katani. Baada ya mipira kumi utamheshimu kila mrushaji uliyewahi kumwona kwenye televisheni.

Usipite haraka eneo lililokuwa viwanja vya gofu. Mtu anaweza kudhani ilikuwa anasa ya matajiri. Walter O'Malley, aliyeimiliki klabu baada ya Rickey, alijenga uwanja wa kwanza wa mashimo tisa katikati ya miaka ya 1960 kwa kuwa viwanja vya mjini havikuwapokea wachezaji wake weusi. Sinema ilionyeshwa humohumo kambini, na kuogelea vilevile. Kila burudani ndani ya uzio huu ni jibu kwa mlango uliofungwa nje yake, na ukitembea ukiwa na wazo hilo, ramani nzima ya kambi inapata maana.

Sasa ingia uwanja wa Holman

Uwanja ulizinduliwa tarehe 11 Machi 1953 na kupewa jina la Bud Holman. Bamba la shaba la kumbukumbu lipo, lisome kabla ya kuketi. Uliundwa na mhandisi Emil Praeger, ambaye baadaye ndiye aliyechora uwanja mkubwa wa Dodgers kule Los Angeles. Utakapokaribia hutaona ukuta mrefu wala geti la kutisha. Utaona tuta la nyasi. Badala ya kusimamisha jukwaa la chuma, wajenzi walichimba udongo, wakaukusanya kuuzunguka uwanja, wakapanga viti juu ya mteremko wake. Unapanda kidogo kutoka nje, kisha ghafla mchezo wote uko chini yako.

Keti kwanza nyuma ya kibao cha nyumbani, dakika kumi bila kamera. Kisha tazama kushoto na kulia mahali pa wachezaji. Katika viwanja vingi, wachezaji wanaosubiri zamu hukaa ndani ya banda lililozama chini, lenye paa na ukuta, mtazamaji akiona vichwa tu. Hapa, zama za Dodgers, walikaa kwenye mabenchi wazi, bila paa, jua likiwapiga kama linavyokupiga wewe. Mtu wa safu ya mbele aliweza kusikia kocha akinong'ona, kuona mchezaji akifunga upya kamba za glavu kwa meno, kuona jasho likichora ramani mgongoni mwa jezi. Nilikaa hapo miaka ya mwisho ya kambi, na nakumbuka mdakaji mmoja mkongwe aliyekuwa akisugua goti lake la kulia kila baina ya zamu, polepole, kama mtu anayetuliza mtoto. Hakucheza siku ile. Hakuna uwanja mwingine ambao ungenionyesha hilo.

Sehemu ya nje ya uwanja pia ilikuwa ya pekee. Kwa miaka mingi hapakuwa na uzio wa kawaida nyuma ya wachezaji wa nje. Uwanja uliishia kwenye mteremko wa nyasi na miti ya jamii ya minazi, na mchezaji aliweza kupanda mteremko huo akiufuata mpira. Linganisha hapa picha yako ya miaka ya 1950 na unachokiona, na utie alama kila kilichobadilika. Taa za usiku, kwa mfano, zilikuja 1980 pamoja na timu ya ligi ndogo ya Vero Beach Dodgers, iliyocheza hapa hadi 2006.

Mwisho, nenda upande wa kulia wa uwanja, ule wa kituo cha kwanza ambacho mpigaji hukimbilia, mbali kuelekea nje. Kaa hapo pia. Hadi mwaka 1962 watazamaji weusi walitengewa sehemu upande huu, wakawa na vyoo na bomba lao la maji, wakati uwanjani walikuwa wakimshangilia Robinson na waliomfuata. Wachezaji waliweza kuishi pamoja ndani ya kambi, lakini viti viliendelea kufuata desturi ya mji. Machipuko ya 1962 wachezaji weusi, Tommy Davis akiwa miongoni mwao, walimwendea Peter O'Malley, kijana wa mmiliki aliyekuwa amepewa kuisimamia kambi, wakadai utengano huo uondolewe. Mabango yakaondolewa. Watu waliokuwa wamezoea kona yao walisita kuhama, na wachezaji wakawaendea kuwaonyesha kwamba viti vyote sasa ni vyao. Ukitoka kona hiyo ukatembea hadi nyuma ya kibao cha nyumbani, hesabu hatua zako. Ni safari fupi, na kambi ilikuwa na umri wa miaka 14 kabla haijaruhusiwa.

Mwaka 2014 kambi iliingizwa katika Orodha ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, na 2019 ikawa eneo la kwanza la michezo kuwekwa kwenye Njia ya Haki za Kiraia ya Marekani, orodha ya maeneo ya kihistoria ya harakati za haki za watu weusi, hasa kwa sababu ya haya niliyoyaeleza.

Adabu ukiwa ndani

Wanaofanya mazoezi leo ni vijana, wengi wakiwa chini ya umri wa miaka 18. Usiwapige picha za karibu bila ruhusa ya wakubwa wao, usishuke kwenye nyasi za uwanja, na usichukue udongo wa kilima cha mrushaji kama kumbukumbu. Ukimkuta mtunza uwanja, msalimie na umwombe dakika tano. Huyo ndiye anayejua maji hutuama wapi mvua ikinyesha, na kwa uwanja uliojengwa kwa udongo hayo ni maelezo ya thamani.

Toka nje ya uzio

Ziara haijakamilika bila Gifford, makazi ya watu weusi kaskazini ya Vero Beach. Huko ndiko wachezaji weusi walikokwenda kunyoa, kula chakula cha nyumbani na kusali walipotaka kutoka kambini. Jumba la makumbusho la Gifford limo ndani ya jengo la zamani la kanisa la Macedonia. Thibitisha saa za kufunguliwa kabla ya kwenda, na uwaulize wenyeji wazee kuhusu miaka ya Dodgers. Kwangu mimi, anayekwenda kambini bila kufika Gifford amesoma nusu ya barua.

Kama una siku ya pili wakati wa Machi, teremka kilomita 50 hivi kusini hadi Port St. Lucie, ambako New York Mets wanafanya mazoezi yao, ununue tiketi ya kawaida ya Ligi ya Mabalungi. Utaona biashara ya leo ilivyo: viti vya kifahari, skrini kubwa, uzio kila upande. Mwenye kupenda zaidi njia ya Robinson apande kaskazini hadi Daytona Beach, kwenye uwanja wenye jina lake, ambako Machi 1946 aliruhusiwa kucheza ingawa miji mingine ilimkataa. Sanamu yake ipo hapo akiwa na watoto wawili. Na kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna uzi mwingine wa kufuata: mwaka 2022 Dodgers hao hao waliwasajili vijana wawili wa Uganda, mrushaji Ben Serunkuma na mdakaji Umar Male.

Jioni hiyohiyo

Usilale kabla ya kuandika. Panga zile picha ulizochapisha mezani, weka kando ya kila moja picha uliyopiga leo kutoka mahali palepale, na uandike chini tarehe, saa, na upande uliokuwa ukiangalia. Kama una picha za familia za kabla ya 2008, andika majina ya waliomo wakati bado kuna anayewakumbuka. Kisha tengeneza nakala mbili za yote: moja ibaki kwako, na nyingine uitoe kwa kitengo cha kumbukumbu cha maktaba ya kaunti, ukiuliza kwanza wanapendelea zipokewe katika umbo gani.